Fielder ya 4WD, Fielder ya kuvuta mbele, au Impreza ya zamani: ipi kwa barabara za Elgon?

KahawaMbale aliuliza:

Habari za humu wakuu. Natafuta gari dogo la zamani la kazi. Makao ni Mbale mjini. Siku tatu kwa wiki ni kupanda Bududa na Bulambuli kwenye vituo vya kahawa, siku nyingine ni lami tu. Mzigo wa kawaida ni watu watatu pamoja na kilo 120 hivi za miche au magunia ya sampuli kwenye buti. Udongo wa kule mnaujua: kiangazi ni vumbi, mvua za Machi hadi Mei zikifika unakuwa sabuni.

Nina tatu mezani, zote zina namba za UG tayari, zote otomatiki:

1. Toyota Corolla Fielder NZE124, 1.5, 4WD (huvuta magurudumu yote manne)
2. Toyota Corolla Fielder NZE121, 1.5, kuvuta mbele
3. Subaru Impreza wagon ya miaka ya 2000 mwanzoni, 1.5, AWD (nayo huvuta yote manne), isiyo na turbo

Maswali: hiyo 4WD ya magari madogo inasaidia kweli kwenye tope la mlimani, au ni kibandiko cha nyuma tu? Na nikague nini kabla ya kutoa pesa? Msinijibu "nunua Land Cruiser", hela hiyo haipo.

---

Fundi_wa_Ndeeba alijibu:

Anza na kibati cha namba ya modeli ndani ya boneti. Kibandiko cha nyuma yeyote anabandika. Kwa Toyota za kizazi hicho tarakimu ya mwisho ndiyo inayosema: NZE121 huvuta mbele, NZE124 huvuta nne. Fielder iliyofuata ni NZE141 na NZE144. Wish ni ZNE10 na ZNE14. Premio ya 1.8 ni ZZT240 na ZZT245. Hata RAV4 usiamini kwa macho, ZCA25 na ZCA26 huvuta mbele tu, na watu wanazinunua wakidhani wana 4WD.

Kisha lala chini uangalie. Kibati kikisema 124 na huoni propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma), mtu ameing'oa "ili gari lipunguze kunywa". Liache. Propela ikitoka, mdomo wa transfa (kiungo kinachotoa nguvu kwenye gia boksi kwenda propela) unabaki wazi au umezibwa kwa ujanja, oili inavuja taratibu, na siku unayohitaji nyuma hakuna kitu.

Fielder 4WD haina difu ya katikati, yaani gia za kuruhusu mbele na nyuma zizunguke kwa kasi tofauti. Ina kapulingi ya viskasi kwenye mstari wa propela: sahani nyingi nyembamba zikiogelea ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele yakizunguka haraka kuliko ya nyuma, mafuta yanapata moto, yanakaza, na nguvu inaenda nyuma. Maana yake ni kwamba mbele LAZIMA iteleze kwanza ndipo nyuma iamke. Inasaidia, ila inachelewa kidogo. Ukisimama katikati ya kilima, ukazungusha mbele mpaka zichimbe shimo ndipo nyuma iamke, umeshachelewa. Panda kwa mwendo usiokatika.

Kapulingi hiyo huharibika kwa namna mbili. Ikivuja mafuta, unabaki na gari la kuvuta mbele lenye uzito wa bure wa kilo 70 hadi 100. Ikiungua, inakaza moja kwa moja na inakula matairi, beringi ya kati na transfa. Kuipima hakuhitaji kompyuta:

– Gari kwenye sakafu tambarare, gia P, injini imezimwa, mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele.
– Achia hendibreki. Inua gurudumu MOJA la nyuma kwa jeki, weka stendi.
– Lizungushe kwa mikono miwili, au kwa spana ndefu kwenye nati ya gurudumu.

Likizunguka polepole kwa uzito ule ule, kama unakoroga posho inayoanza kuiva, kapulingi ni nzima. Likizunguka laini kama la baiskeli, imekufa. Lisipozunguka kabisa, imekaza.

Ukiwa bado chini, shika propela uitikise: mchezo kwenye kroosi (viungo vya propela) au kwenye beringi ya kati utausikia mkononi. Oili ya transfa na ya difu ya nyuma ni 75W-90 ya GL-5, na hakuna inayofika lita moja. Fungua nati ya KUJAZIA kwanza kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga halafu ya juu ikagoma kufunguka, gari limekwama gereji.

Kuhusu Impreza nitarudi jioni, ile ina mambo yake.

---

Kipimo_Kamili alijibu:

Kabla hamjamuuzia 4WD, tupige hesabu kidogo. Makisio ya Fielder ya kuvuta mbele: kilo 1,100 tupu, asilimia 60 juu ya magurudumu ya mbele, yaani 660. Weka watu wawili mbele, mmoja nyuma, na kilo 120 kwenye buti. Jumla ni karibu 1,440, lakini mbele imepanda hadi 750 tu. Karibu robo tatu ya mzigo imeangukia ekseli ya nyuma ambayo haivuti.

Sasa panda mwinuko wa asilimia 15, yaani mita 15 juu kwa kila mita 100. Kilima chenyewe kinahamisha kilo 45 nyingine kwenda nyuma. Mbele zinabaki kama 700, na gari linahitaji msukumo wa kilo 213 ili lisirudi. Gawanya: mshiko unaotakiwa ni 0.31. Gari hilo hilo likiwa tupu linahitaji 0.26. Kama magurudumu yote manne yangegawana kazi sawasawa ingetosha 0.15. Hiyo ndiyo faida yote ya 4WD kwenye kilima, na si ndogo.

Lakini mambo matatu hayana bei:

Mzigo usiuweke buti. Laza kiti cha nyuma cha upande mmoja, uusogeze mbele ya ekseli, nyuma ya kiti cha abiria, na uufunge kwa kamba. Unashuka hadi 0.29.

Ukishindwa, panda kinyumenyume. Magurudumu yanayovuta yanakuwa upande wa chini wa kilima, ambako uzito unaelemea: 0.27. Wanaocheka hawajapiga hesabu. Ila uwe na mtu wa kukuongoza, na usijaribu penye korongo kando.

Upepo wa matairi: toka PSI 32 hadi 22 kwenye tope, hasa matairi ya mbele. Beba pampu ya kuchomeka kwenye sigareti, ujaze tena kabla ya kurudi lami. Kukimbia lami kwa 22 ukiwa na mzigo kunapasua ukuta wa tairi.

Na jambo ambalo 4WD haigusi kabisa ni kushuka. Breki ziko kwenye magurudumu manne kwa kila gari. 4WD inakupandisha mahali ambapo breki zako na matairi yako mabovu hayawezi kukuteremsha. Kwenye mteremko wa tope weka lever kwenye 2 au L KABLA ya kuanza kushuka, injini ishikilie gari. Hapo 4WD inasaidia kidogo tu, kwa kuwa breki ya injini inagawanyika mbele na nyuma.

Kwa siku tatu kwa wiki, mimi ningechukua NZE121 yenye matairi mapya manne ya meno makubwa na bamba la chuma chini ya injini. Kipande cha mwisho mvua ikizidi, boda zipo.

---

Sebo_Kisoro alijibu:

Kipimo, hesabu yako safi, ila boda haibebi kilo 120 za miche mara moja.

Mimi naongeza habari ya matairi, maana huku kwetu ndipo 4WD zinapouawa. Mazoea ni kununua mitumba miwili, ukaweka mbele, ya zamani yakaenda nyuma. Gari la kuvuta mbele litakusamehe. La 4WD halikusamehe. Tairi lenye meno mafupi lina mzingo mfupi, kwa hiyo linazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita. Kapulingi au klachi ya katikati inaona tofauti hiyo kama mtelezo usioisha, inafanya kazi lami nzima ya Mbale hadi Kampala, inachemka.

Subaru wanataka mizingo ya matairi isipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4. Kwa kina cha meno hiyo ni milimita MOJA tu, kwa sababu mzingo unabadilika mara 6.28 ya kina. Nunua manne ya aina moja, saizi moja. Pima kwa futi ya fundi cherehani kuzunguka katikati ya tairi lililojazwa upepo sawa. Badilisha mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Likipasuka moja meno yakiwa yameshaisha nusu, tafuta mtumba wenye meno yaliyofikia hapo hapo, usiweke jipya peke yake.

Saizi: kama lina 175/70R14, ukienda 185/70R14 tairi linakua milimita 14 kwa kipenyo, gari linainuka milimita 7. Ni kidogo, lakini ni njia pekee ya kuinua hata tumbo la ekseli. Speza juu ya springi zinainua bodi tu. Usipite milimita 25 hadi 30, la sivyo jointi za CV (za shafti zinazozungusha magurudumu) zinafanya kazi zimepinda na mipira yake inapasuka mapema. Mpira ukipasuka kwenye tope, jointi haina muda mrefu. Mpira uliopasuka ubadilishwe siku hiyo hiyo, gharama ni grisi na mpira. Ukingoja, ni jointi nzima.

Na msisahau urefu kutoka ardhini. Fielder na Impreza wagon zote ziko chini. Mfereji wa malori katikati ya njia ukiwa na tuta refu, gari linakaa kwa tumbo na magurudumu yote manne yanaogelea hewani. Forester ya zamani ina karibu milimita 200, na kwa njia za hivyo hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko mfumo wa kuvuta. Kama ipo ya bei inayokaribiana, iweke ya nne mezani.

---

Fundi_wa_Ndeeba alijibu:

Nimerudi. Impreza.

Otomatiki yake ya gia nne, isiyo na turbo, haina viskasi. Nyuma ya gia boksi kuna klachi ya sahani nyingi inayobanwa kwa oili ya gia, na kompyuta inaamua ibane kiasi gani kupitia solenoidi (vali ya umeme), ile mafundi huita "solenoidi C". Kwa kawaida sehemu kubwa ya nguvu iko mbele, lakini klachi imeshashika kidogo muda wote, kwa hiyo nyuma inaamka upesi kuliko Fielder. Ukiweka lever kwenye 1, inabana zaidi. Kwa tope, mfumo huu ni bora, sina ubishi. Ubaya ni ugonjwa wake.

Gari likikata kona, magurudumu ya mbele yanapita duara kubwa kuliko ya nyuma. Klachi ikiwa nzima inateleza kidogo na mambo yanakwisha. Solenoidi ikifa, au ngoma ya klachi ikichimbika mifereji, klachi inang'ang'ania. Kwenye kona kali gari linaruka-ruka kama mtu amevuta hendibreki. Kwenye tope hutalisikia, tairi linateleza lenyewe. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha gari kwenye uwanja wa nyasi, mwombe mwende kwenye lami kavu.

Hatua:

a) Fungua boneti, tafuta kishikizi kidogo cha fyuzi kilichoandikwa FWD (kuvuta mbele). KINATAKIWA KIWE TUPU. Ukikuta fyuzi ndani, muuzaji anaficha ugonjwa, kwa sababu fyuzi hiyo inaiambia kompyuta iachie nyuma, na gari linaenda laini kama la kuvuta mbele. Taa ya FWD kwenye dashibodi inapaswa kuwaka fyuzi ikiwemo. Isipowaka, huenda balbu imetolewa.

b) Endesha dakika 20 oili ipate moto. Ugonjwa huu ukiwa mchanga hauonekani gari likiwa baridi.

c) Kata usukani mpaka mwisho, D, usikanyage mafuta, zunguka kulia mara mbili, kushoto mara mbili. Sikiliza kiti, si sikio.

d) Likiruka, zima injini, weka fyuzi ya ampea 15, rudia. Likitulia, solenoidi inaitika na klachi inaachia, huenda dawa ikawa oili mpya au tatizo ni la umeme. Lisipotulia, ni solenoidi iliyokwama au ngoma imechimbika.

e) Unapowasha gari, tazama taa ya AT OIL TEMP. Ikipepesa mara 16, kompyuta ya gia ina kosa imelihifadhi.

Ikiwa dalili ni ndogo, badilisha oili kabla ya kufungua chochote. Kumwaga kwa nati kunatoa lita 4 tu kati ya 9 na kidogo, kwa hiyo fanya mara tatu, kilomita 20 hadi 30 katikati. Lita 12 zinakupa oili mpya asilimia 80 hivi. Isipotulia, sehemu ya nyuma ya gia boksi inafunguka bila kuteremsha gia boksi yote: toa propela, sogeza ekzosi, teremsha mhimili wa nyuma unaoshikilia gia boksi, solenoidi na klachi viko hapo.

Sasa kosa linaloniletea magari kila siku: mtu anabadilisha gia boksi nzima kwa mtumba kutoka soko la spea la Kisekka, analipa, na gari linaruka VIBAYA kuliko mwanzo. Gia boksi ina uwiano wake wa mwisho wa gia, na difu ya nyuma ina wake, lazima viwe sawa. Ukiweka gia boksi ya 4.44 kwenye gari lenye difu ya 4.11, mbele na nyuma zinapishana asilimia 8 hata ukienda wima. Klachi mpya itaungua. Soma namba inayoanza na TZ1 kwenye gia boksi ya zamani, ununue yenye namba ile ile, au ununue gia boksi na difu yake kutoka gari moja.

Jambo la mwisho, difu ya mbele ya Subaru otomatiki iko ndani ya gia boksi lakini ina oili yake na kijiti chake cha kupimia. Ni 75W-90 GL-5, lita 1.2, ya nyuma lita 0.8. Kijana wa gereji akimwaga nati isiyo yake, anaacha difu kavu na kuzidisha ATF (oili ya gia otomatiki). Simama hapo hapo uone.

---

KahawaMbale alijibu:

Asanteni sana wakuu. Nimetazama: Impreza ILIKUWA na fyuzi kwenye FWD, na taa haiwaki. Mwenye gari anasema alikuta hivyo. Hiyo nimeiondoa mezani.

Fielder 124 nimeipima kwa jeki, gurudumu la nyuma linazunguka kwa uzito. Matairi yake ni aina tatu tofauti. Je, kwa muda mfupi naweza kuitembeza hivyo? Na mbona wengine wananiambia niagize Japan kwa bei karibu hiyo hiyo?

---

Kipimo_Kamili alijibu:

Kuagiza 124 haiwezekani. Tangu sheria ya 2018, gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa nchini, na hiyo Fielder ilitengenezwa kati ya 2000 na 2006. Zilizopo ni hizi hizi zinazozunguka, ndiyo maana upimaji ni muhimu kuliko picha. Kilomita za dashibodi usizitegemee, tazama uchakavu wa pedali na usukani.

Nakubali kushindwa nusu: kama kapulingi ni nzima, 124 kwa mzigo wako. Toa bei ya matairi manne kwenye bei ya gari wakati wa kupatana.

---

Sebo_Kisoro alijibu:

Usiitembeze hivyo hata kutoka kwa muuzaji hadi Mbale. Azima manne yanayolingana, au panga yanayokaribiana zaidi kwa mzingo ili tofauti iwe kulia na kushoto, si mbele na nyuma. Hapo difu ndiyo inayomeza tofauti, na kwa safari moja fupi itavumilia.

Ukinasa kwenye tope na gurudumu moja la nyuma linazunguka bure, vuta hendibreki meno mawili au matatu huku unakanyaga mafuta polepole. Inashika lile linaloteleza na kusukuma nguvu upande wa pili. Hii ni kwa 4WD tu. Kwenye 121 hendibreki inashika nyuma isiyovuta, unajizuia mwenyewe.

---

Fundi_wa_Ndeeba alijibu:

Na likikufia njiani, usikubali brekidauni ilinyanyue mbele na kuburuta nyuma. Propela itazungushwa na magurudumu ya nyuma wakati mbele imesimama, kapulingi yote inaungua kabla hujafika Mbale. Ni juu ya lori tambarare, magurudumu manne yote hewani. Kama lori halipo, muite fundi aondoe propela pale pale, azibe mdomo wa transfa kwa yoki ya zamani (kichwa cha propela kinachoingia humo), ndipo wavute kwa kunyanyua mbele. Pale propela inapofungwa nyuma kwa nati nne, weka alama ya rangi pande zote mbili kabla ya kufungua, ili propela irudi ilivyokuwa. Ikirudi imegeuka, itatetemeka ukifika 80.